Sefu Katika Chumba cha Mama Mkwe

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Najua wengi wenu mmechoka, na mimi nimechoka pia, kwa hiyo leo sitapandisha sauti. Nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa na bunduki na hakujua aiweke wapi. Mtu huyu nimemtunga mwenyewe. Msigeuze shingo kumtafuta kwenye mabenchi ya nyuma.

Alikuwa mkulima, na shamba lake lilipakana na msitu wa hifadhi. Mnajua maana yake. Mahindi yakianza kukomaa, nyani wanashuka mchana kweupe kama watu walioitwa kwenye karamu. Kwa ajili hiyo aliomba kibali cha bunduki, akapewa, na kwa miaka mingi alifyatua hewani tu, nyani wakakimbia, akairudisha darini akiwa ameifunga ndani ya gunia. Hakuwahi kuua hata kunguru.

Kisha likaja agizo kutoka kituo cha polisi: kila mwenye bunduki awe na sefu ya chuma, ikazwe kwa bolti ukutani au sakafuni, na askari atakuja kukagua. Mkulima wetu hakuona ubaya. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa sefu nzito kweli. Wanaume wanne waliishusha kutoka kwenye gari, wakaiburuta hadi sebuleni, wakaiacha katikati ya sebule huku wakishika viuno. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiri itakaa wapi.

Sebuleni haikuwezekana. Binti yao mkubwa, Ghati, alikuwa na watu wanaotarajiwa kuja kumposa, na mama yake aliuliza kama wakwe wapya wakaribishwe na soda au na bunduki. Mume alicheka, akakubali. Basi ikae chumbani kwao? Hapo mke hakutania. Alisema wamelala pamoja miaka ishirini na sita, amevumilia kukoroma kwake na miguu yake ya baridi, lakini hatafungua macho kila asubuhi akutane na kitu kile. Hakueleza zaidi, naye mume hakuuliza zaidi. Katika ndoa yapo maswali ambayo watu huyaacha yapite, na mimi siwalaumu.

Stoo je? Stoo kulikuwa na mbolea na unyevu, chuma kingeliwa na kutu. Tena stoo ya nyumba ya mkulima ni ya kila mtu. Jirani anaingia kuchukua ungo, mtoto wa jirani anatumwa jembe, fundi wa baiskeli anatafuta kipande cha waya. Hapana.

Kwa hiyo sefu ilibaki sebuleni siku tisa. Mke aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chupa ya chai na maua ya plastiki. Wageni wawili walidhani ni friji mpya, wakapongeza.

Siku ya kumi, wakinywa chai, mume alisema amepata mahali. Iende kwenye chumba cha mama.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya vijana waliozaliwa mjini. Mama aliyemtaja hakuwa mama yake. Alikuwa mama mkwe, mama wa mkewe, bibi mzee aliyevunjika nyonga ikaunga vibaya, na macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Kwao hakukuwa tena na mtu wa kumtunza, kwa hiyo mkwewe alimjengea chumba uani, kimeshikana na nyumba lakini kina mlango wake unaotazama ua. Mchana mlango ulikuwa wazi, na pazia tu lilining'inia, kwa sababu bibi alipenda kusikia kuku na watu wanaopita.

Na kwa watu wa kwao, kama kwa wengi wetu hapa, mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake. Hampi mkono. Wakikutana njiani mmoja anapinda. Miaka minne waliishi kwenye mji mmoja, ua mmoja, wakasalimiana asubuhi na jioni, na hawakuwahi kutazamana usoni hata mara moja. Mkiona ni mambo ya kizamani, sawa. Nawaomba tu mvumilie hadi mwisho.

Mume alikuwa amefikiri vizuri, na alihesabu kwa vidole. Mwizi hawezi kuwaza kwamba bunduki iko kwa bibi kipofu. Watoto wanamheshimu bibi yao, hawachezi mle. Shemeji zake wakija kutembea hawatapita kule. Mafundi, vibarua, wageni, hakuna mwenye sababu ya kuvuka pazia lile. Alimaliza vidole vya mkono mmoja, akaanza mwingine.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe, Baba Ghati?"

"Mimi nini?"

"Kwenye hao wa kuzuiwa. Wewe umejihesabu?"

"Mimi ndiye mwenye bunduki," alisema mume. "Mwenye kitu hahesabiwi."

Wazee wa ukoo walinung'unika, wakasema mambo haya hayajawahi kusikika. Mwishowe waliruhusu kwa sharti moja: mkwe asiingie mle kama bibi yumo. Bibi atoke kwanza, akae nje, ndipo mkwe apite. Askari aliyekuja kukagua alizitikisa bolti, akaridhika, akaandika kwenye fomu yake. Alipoelezwa sharti hilo alifunga kalamu akacheka, akasema amekagua sefu nyingi lakini hii ndiyo ya kwanza yenye mlinzi ambaye mwenye mali anamkimbia.

Wakaishi hivyo. Ufunguo ulikaa kiunoni kwa mume, umefungwa kwa kamba. Nyani wakishuka, mtu anapiga kelele shambani, mume anakuja mbio hadi uani, anasimama. Mke anaingia, anamwambia mama atoke kidogo. Bibi anauliza kila mara, kuna nini? Anajibiwa kila mara, nyani. Anajifunika kanga, anashika mkongojo wake, anatoka taratibu hadi kwenye kigoda ukutani, anageuza uso. Ndipo mume anapita. Mara nyingi alipofika shambani nyani walikuwa wameshashiba na kwenda zao, na majirani walimcheka kwamba bunduki yake inafanya kazi kwa miadi. Alivumilia. Alikuwa mtu mvumilivu.

Sasa, alikuwa na mdogo wake, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja. Mashamba yao yalitenganishwa na mstari wa minyaa iliyopandwa na baba yao. Asubuhi moja mkulima huyu alikwenda shambani akakuta minyaa imeng'olewa, na trekta limelima hadi hatua sita upande wake. Mdogo wake alikuwa amesimama pale na dereva na vibarua wanne, wanakunywa uji.

Aliuliza kwa upole. Nataka mjue hilo, aliuliza kwa upole. Mdogo wake hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe.

"Kaka, habari za mpaka nenda kamuulize mama mkwe wako. Si ndiye mwenye mji siku hizi? Sisi wengine tulioa. Wewe umeolewa."

Dereva alicheka hadi uji ukampalia. Vibarua nao wakacheka, kwa sababu kibarua humcheka yule ambaye bosi wake anamcheka, na mimi simlaumu kibarua.

Mkulima aliitazama minyaa iliyolala chini. Aligeuka akaanza kurudi nyumbani. Hakukimbia. Waliobaki walidhani ameshindwa, trekta likawashwa tena.

Ndugu zangu, alikuwa anakwenda kuchukua bunduki ili amuue mdogo wake. Natafuta namna laini ya kulisema hili na siipati. Hakuwa anakwenda kumtisha. Njia nzima aliona tu mahali ambapo angesimama na mahali ambapo mwenzake angekuwa amesimama. Na amri ile tunayowafundisha watoto kwa wimbo, alikuwa ameijua tangu akiwa na meno ya utoto. Haikumjia hata neno lake moja.

Alifika uani. Mkewe hakuwepo, alikuwa amekwenda mashine kusaga. Watoto walikuwa shule. Mji mzima ulikuwa na watu wawili, yeye na bibi, na pazia katikati.

Mngefanya nini? Ufunguo uko kiunoni. Sefu iko hatua nne ndani. Kizuizi ni kitambaa cha maua kilichofifia, na nyuma yake ni mtu asiyeona, asiyeweza kukimbia, ambaye kwa ajili yake umetukanwa mbele ya vibarua. Kama kuna siku mtu angesema mila na ziende zake, si ndiyo hiyo?

Alisema, "Hodi."

Hata siku ile alisema hodi. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo, mdomo ukafanya ulichozoea.

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mama Ghati hajarudi. Kaenda mashine."

"Najua, mama."

Bibi alitega sikio. Wasioona husikia pumzi, na pumzi za siku ile hazikuwa za mtu aliyetoka mbio. Kisha akauliza lile swali lake.

"Ni nyani?"

Hapo, wapendwa, neno moja lilitosha. Angesema ndiyo, bibi angetoka, angegeuza uso, na kila kitu kingekwenda kwa utaratibu. Alilifungulia mdomo neno hilo. Halikutoka. Kwa nini? Sijui. Labda kule bibi kujibiwa ukweli kila mara kulikuwa kumeshakuwa njia, na mtu akichoka hufuata njia. Alisema, "Hapana, mama. Siyo nyani."

"Ni nini?"

"Ni mdogo wangu."

Alijisikia akilisema. Hadi dakika ile lilikuwa limekaa kifuani, halina sauti. Sasa lilikuwa nje, kwenye ua, na kuku wanadonoa.

Bibi hakulia wala hakumsihi.

"Basi ngoja nitoke, baba. Mji ni wako na kitu ni chako, mimi siwezi kukuzuia. Ila nisubiri nitoke. Usinikute humu."

Akaanza kutoka. Mkwe akasimama kusubiri, maana ndivyo ilivyo. Akasikia kitanda kikilia. Akasikia kanga ikivutwa. Akasikia bibi akihema, akijiinua, akirudi kukaa, akijiinua tena. Siku nyingine zote binti yake alikuwa anamshika mkono. Kisha mkongojo ukaanguka, ukabingirika, na bibi akaanza kuutafuta kwa viganja sakafuni. Aliupapasa upande huu, akaupapasa upande ule. Viganja vikavu juu ya saruji, ndiyo sauti pekee iliyokuwepo pale uani.

Mkwe angeingia amsaidie? Hairuhusiwi. Angeingia achukue bunduki? Hairuhusiwi. Alisimama. Pazia lilikuwa halifiki chini kabisa, na kwa uwazi ule aliuona mkongojo, ncha yake imetokeza karibu na kizingiti.

"Mama," alisema, "uko huku mlangoni."

"Wapi?"

"Huku. Kulia kwako. Hapana, umeupita. Rudi kidogo."

"Siufikii."

"Taratibu, mama. Kuna ndoo hapo, usiipige."

Bibi alihema. Viganja vikasimama. "Siufikii, baba," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeona haya.

Mkwe alichuchumaa. Alipitisha vidole chini ya pazia, vidole tu, akaushika mkongojo kwenye ncha, akausukuma ndani polepole hadi aliposikia mkono wa bibi umeugusa.

"Nimeupata," bibi alisema. "Asante."

Ilichukua muda tena kabla hajatokea. Alitoka amejifunika hadi machoni, akapita kandokando ya ukuta, akakipata kigoda chake, akakaa, akageuza uso upande wa zizi.

"Haya, baba," alisema. "Pita."

Njia ilikuwa nyeupe. Sharti la wazee limetimia, chumba kiko tupu, hakuna mila wala mtu anayemzuia. Bibi hakuongeza neno. Hakumhubiria. Namshukuru kwa hilo, maana mimi ningemhubiria, na pengine angenyanyuka.

Alijaribu kusimama kutoka pale alipochuchumaa. Magoti yalikataa. Akakaa chini kwenye vumbi.

Mkewe aliporudi na unga kichwani aliwakuta hivyo, mumewe na mama yake kwenye ua mmoja, wamepeana migongo. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliuliza kuna nini.

"Nimechoka," alisema mume.

"Umechoka nini, Baba Ghati, saa nne hii ya asubuhi?"

"Nimechoka tu."

Mke aliutua unga. Alitazama pazia lililoachwa wazi, akaiona sefu imefungwa. Alimtazama mama yake. Akaenda kuwasha moto.

Ndugu zangu, najua mlichokuwa mnangoja. Mlitaka niwaambie kwamba pale mlangoni mtu huyu alikumbuka Neno, moyo ukayeyuka, akaenda kumkumbatia mdogo wake kati ya matuta. Mfano ungependeza zaidi. Ningeweza kuumalizia hivyo, maana ni wangu. Lakini nimewazika watu wengi mno kwenye makaburi yaliyochimbwa na hasira ya asubuhi moja, na sitaki kuwadanganya. Hakukumbuka chochote. Alicheleweshwa. Alicheleweshwa na bibi anayetafuta mkongojo, na alipomaliza kucheleweshwa, ile nguvu ya kuua ilikuwa imeisha, amebaki na uchovu. Huo uchovu ulikuwa neema yake ya siku ile. Wengine tunaitarajia neema ije na mwanga na nyimbo. Wakati mwingine inakuja na maumivu ya magoti.

Minyaa haijapandwa tena. Shauri liko kwenye baraza la kata na limeahirishwa mara tatu. Hao ndugu wawili bado hawasalimiani. Lakini mdogo mtu ana watoto, na jioni ile alirudi kwao, akala, akalala, bila kujua alivyokaribia kutolala humo tena. Ni wangapi kati yetu tuko hai leo kwa sababu mtu fulani alicheleweshwa mahali, na hatutajua kamwe?

Sasa tuseme juu yetu. Sisi nasi tunazo bunduki, hata sisi tusio na kibali. Mwingine ni panga nyuma ya mlango. Mwingine ni siri ya mke wa mtu, ameiweka ulimini, inangoja kutukanwa kidogo tu itoke. Na kila tunapochagua mahali pa kukiweka kitu chetu cha hatari, tunahesabu kwa vidole. Mwizi asikione. Mtoto asikifikie. Shemeji asikijue. Tunawahesabu wote, tunamwacha mmoja, yule anayevaa viatu vyetu. Mkulima yule alifanya kosa hilo hilo. Alichagua vizuri kwa bahati. Hakujua kwamba pazia lile lilikuwa linamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote chini ya mbingu.

Siwaambii mrudishe mila zote za wazee. Nawauliza jambo dogo. Siku ambayo hutakuwa wewe unayejijua, kati yako na kitu hicho kutakuwa na nini? Kutakuwa na nani? Yuko mtu ambaye ni lazima umbishie hodi kwanza, ambaye akikuuliza kuna nini, utashindwa kumdanganya? Bibi huyu ni mzee, naye ataondoka. Siku hiyo chumba kitabaki chumba, na mkwewe atatembea hatua nne bila kuulizwa swali. Atakuwa amejifunza kitu, au atakuwa amemtafuta mwingine wa kukaa pale. Hakuna njia ya tatu ninayoijua.

Na msiniambie kwamba nyinyi mna mioyo mizuri. Kuna jambo sikuwaambia, na nimeliacha makusudi. Mtu huyu alikuwa mwema. Alimjengea mama mkwe chumba wakati wanawe wa kiume walimwacha. Hakuwahi kumpiga mkewe. Ni mzee wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia yeye ndiye aliyetuongoza katika sala ya kuwaombea wenye hasira. Tulisema amina, na yeye alisema amina, na alimaanisha.

Rudini nyumbani mkapime hatua. Sasa tusimame, kwa wale ambao miguu inawaruhusu.